Jinsi ya kuizunguka Cluny kwa siku moja: mji wa wamonaki ambao kanisa lake halipo

Kila kiangazi naulizwa swali lile lile na vijana wanaokuja Taizé, kijiji cha sala huku Ufaransa, kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo, na pia na ndugu zetu wanaoishi Lyon na Paris wanaotafuta pa kwenda weekend: "Cluny kuna nini, inafaa kwenda?" Inafaa, tena sana, ila ukienda kichwa kichwa utarudi umenuna kama mimi mara ya kwanza. Niliingia abasia, yaani nyumba ya watawa inayoongozwa na abate, nikazunguka dakika ishirini, nikatoka nje nikajiuliza ndo hii tu? Nilikuwa natafuta kanisa kubwa kuliko yote duniani kumbe kanisa lenyewe walishalibomoa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita wakauza mawe. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, mara ya mwisho na mama mdogo aliyekuja kututembelea kutoka Songea, na sasa nina utaratibu wangu ambao nimeona unafanya kazi, ndo huu hapa.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaenda Cluny yenyewe

Usicheke. Paris kuna makumbusho makubwa yanaitwa Musée de Cluny, na kituo cha metro kinaitwa Cluny – La Sorbonne, na ukiandika "Cluny museum" kwenye simu kitu cha kwanza kinachotokea ni hicho cha Paris. Ni makumbusho mazuri, ya mambo ya zama za kati, yapo kwenye nyumba iliyokuwa makazi ya maabate wa Cluny wakija mjini Paris, kwahiyo jina limetoka huko huko. Lakini mji wenyewe uko kusini kabisa, Bourgogne, kilomita 25 hivi kutoka Mâcon. Rafiki yangu mmoja tulipanga tukutane pale, mimi niko Mâcon nasubiri basi yeye ananipigia ananiambia "mbona sikuoni, mi niko mlangoni na foleni ndefu". Alikuwa Paris, na tiketi keshanunua.

Hatua ya pili: kufika

Kutoka Paris panda TGV, treni ya kasi, pale stesheni ya Gare de Lyon ushuke Mâcon-Loché, ni kama saa moja na dakika arobaini. Kutoka Lyon ni rahisi zaidi, treni za mkoa zinakupeleka Mâcon-Ville chini ya saa moja. Angalia vizuri hapo, Mâcon ina stesheni mbili na ziko mbali, usije ukashuka moja ukasubiria basi la nyingine. Kutoka Mâcon kuna basi la mkoa linalokwenda Cluny, na linaendelea mpaka Taizé na Chalon. Ratiba ya wiki na ya Jumapili hazifanani, na kipindi cha likizo za shule inabadilika tena, kwahiyo piga picha ya ratiba ya KURUDI kabla hujafanya chochote kingine. Nitaeleza mwishoni kwanini nakazia.

Ukiwa Taizé ni kilomita kumi tu hivi. Kuna njia ya baiskeli inaitwa Voie Verte, ni reli ya zamani waliyoing'oa wakaweka lami, kipande cha kwanza kutoka Givry hadi Cluny kilifunguliwa 1997. Ni tambarare, hakuna magari, hata mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu darasa la saba ataiweza. Upande wa pili, ukitokea Mâcon kwa baiskeli, kuna handaki la zaidi ya kilomita moja na nusu linaitwa Bois Clair, ndani baridi kama friji hata mwezi wa saba, na wakati wa baridi wanalifunga ili popo walale. Nchi ya watu hiyo, popo wana ratiba.

Hatua ya tatu: simulizi ya kusoma ndani ya basi

Hapa usiruke, bila hii utaona mawe tu.

Mwaka 910 (wengine wanaandika 909) Guillaume, mtawala wa Aquitaine, alitoa shamba lake la Cluny kwa wamonaki wa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani utaratibu aliowaandikia watawa wa namna ya kuishi. Matajiri wa wakati ule kutoa ardhi kwa watawa ilikuwa kawaida, lakini mtoaji alibaki na sauti, anamchagua abate, anaingiza mtoto wake, anachota mapato. Huyu akaandika kwenye hati kwamba si yeye, si ndugu zake, si mfalme, si askofu atakayeigusa, iko chini ya Mitume Petro na Paulo na Papa wa Roma awe mlinzi. Roma iko mbali, Papa hawezi kuja kila wiki kuuliza hesabu, kwahiyo kwa vitendo wamonaki walikuwa huru. Ukitaka kujua siri ya Cluny kuwa kubwa ndo hiyo, karatasi moja iliyoandikwa vizuri.

Na kitu cha pili, maabate wao waliishi sana. Odilo aliongoza kuanzia 994 mpaka 1049. Hugues akampokea 1049 mpaka 1109. Watu wawili, miaka mia moja na kumi na tano! Ukiwa na uongozi uliotulia hivo unapanga mambo. Nyumba zilizokuwa chini ya Cluny zilifika zaidi ya elfu moja, kutoka Uingereza hadi Hispania na Italia, zote zikimtii abate mmoja.

Huyo Odilo unamjua hata kama hujui kama unamjua. Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, ile tunayokwenda makaburini kufyeka na kuwasha mishumaa, ni yeye aliyeamuru nyumba zote za Cluny ziwaombee marehemu wote siku inayofuata sikukuu ya Watakatifu Wote, na ikaenea mpaka ikawa ya Kanisa lote. Mama mdogo nilipomwambia hivyo kwenye basi alikaa kimya kidogo, akasema "Kumbe ni huyu." Yeye amekulia jirani na Peramiho, ambako Wabenediktini walifika 1898, wanafuata Kanuni ile ile ya Benedikto ingawa wao ni wa shirika la Mtakatifu Ottilia la Ujerumani wala hawahusiani na Cluny kiutawala. Kwa hiyo mambo ya kengele, zaburi, sala na kazi, abate na abasia, hakuhitaji kuelezwa, alinisahihisha mimi.

Kuwaombea wafu pia kulileta mali. Kila tajiri alitaka jina lake lisomwe Cluny akishakufa, na jina halisomwi bure. Mfalme Alfonso VI wa León na Castilla alikuwa anatuma dhahabu kila mwaka, dhahabu ambayo yeye aliitoza kwa watawala Waislamu wa Hispania. Kwa dhahabu hiyo Hugues akaanza mwaka 1088 kujenga kanisa la tatu, maana mawili ya mwanzo yalishakuwa madogo. Papa Urban II, ambaye mwenyewe alikuwa mmonaki wa Cluny kabla, alikuja kubariki altare kuu 1095. Mwaka 1125 sehemu ya dari la mawe ilianguka, wakarekebisha, na kanisa likatabarukiwa 1130 na Papa Innocent II. Urefu mita 187. Chukua viwanja viwili vya mpira uvipange goli kwa goli, unakaribia. Lilikuwa kanisa kubwa kuliko yote ya Kikristo Magharibi mpaka Roma walipojenga upya lile la Mtakatifu Petro karne nyingi baadaye.

Kuna jingine ambalo wasomaji Waislamu watapenda kujua, au watakasirika, sijui. Abate Pierre aliyeitwa le Vénérable ndiye aliyelipia tafsiri ya kwanza ya Qur'ani kwa Kilatini, ilikamilika 1143, mfasiri akiwa Mwingereza Robert wa Ketton. Lengo halikuwa urafiki, alitaka kujibu hoja za Uislamu, lakini hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kubishana na kitabu ambacho hujakisoma. Mitandaoni kwetu wengi hawajafika hapo.

Halafu mwisho. Mapinduzi ya Ufaransa, 1790 utawa ukafutwa kisheria, wamonaki wakatawanywa, nyaraka zikachomwa moto, na 1798 majengo yakauzwa kwa wafanyabiashara kama mali ya taifa. Walionunua hawakutaka kanisa, walitaka mawe. Wakapitisha barabara katikati ya kanisa, wakalipua kwa baruti kipande kwa kipande, lango kuu lililochongwa likalipuliwa 1810, na kazi ya kubomoa ikaendelea mpaka 1823. Kilichobaki cha kanisa lile kubwa ni chini ya sehemu moja ya kumi.

Umeelewa sasa? Unakwenda kuangalia pengo. Siku nzima ya Cluny ni kujifunza kulisoma hilo pengo.

Hatua ya nne: anza na makumbusho, sio abasia

Hili ndo kosa la kila mtu na mimi nikiwemo. Tiketi ni moja kwa vyote viwili, abasia na makumbusho, na watu wanaingia abasia kwanza wakitoka wamechoka wanaona makumbusho ni ziada wanaenda kula. Geuza. Chini ya miaka 18 ni bure. Wa miaka 18 hadi 25 abasia wanaingia bure pia kama ni raia wa nchi za Umoja wa Ulaya au wanaishi Ufaransa kihalali, kwahiyo wanafunzi bebeni kadi ya ukaazi, picha ya kwenye simu wanaweza wakakukatalia. Bei angalia kwenye tovuti yao kabla hujatoka, na kumbuka siku kama 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba wanafunga.

Makumbusho yako kwenye jumba la abate Jean de Bourbon, la karne ya 15. Watu wa mji wengi wanayaita Musée Ochier, kwasababu familia ya Ochier ndo iliyolinunua na baadaye mjane akaukabidhi mji, na makumbusho yakaanzishwa 1866. Ni madogo. Saa moja na nusu inatosha.

Kitu cha kwanza tafuta modeli ya abasia na mji ulivyokuwa. Simama hapo hata dakika kumi. Usiangalie uzuri, angalia mpangilio: mlango mkuu uko magharibi, altare mashariki, na kanisa lina mikono miwili ya msalaba, yaani misalaba miwili, mkubwa na mdogo, sio mmoja kama makanisa mengi. Ule mkono wa kulia wa msalaba mkubwa uweke kichwani, ndo utakaoingia mchana, karibu vingine vyote havipo.

Kisha nenda kwenye vipande vya lango kuu. Hivi viliokotwa ardhini vikiwa vimevunjika vunjika, vingi na mtaalamu wa Kimarekani Kenneth John Conant aliyechimba hapa kuanzia 1928 mpaka 1950, na leo mtaa mmoja una jina lake. Vipande vimepangwa ukutani mahali vilipotakiwa kuwa na pengine pote pameachwa wazi. Kichwa hapa, kunjo la kanzu pale, halafu nafasi tupu kubwa. Sogea karibu uangalie kwenye mikunjo ya nguo, kuna mabaki ya rangi, maana lango lote lilipakwa rangi. Sisi tumezoea kudhani makanisa ya kale yalikuwa ya kijivu. Wapi! Yalikuwa na rangi kama kanga.

Halafu kuna vitu vya nyumba za watu wa kawaida wa mji, na hapa mimi ndo huwa nakaa zaidi. Wafanyabiashara wa karne ya 12 walipamba nyumba zao kwa mawe yaliyochongwa, na mojawapo ni mshona viatu yuko kazini. Mtawa hayupo wala malaika, ni fundi tu na kiatu chake, kwenye jiwe, miaka mia tisa. Mama mdogo alipita haraka haraka pale kwenye watakatifu, lakini kwa fundi viatu alirudi mara mbili.

Hatua ya tano: kula mapema

Kabla ya saa sita na nusu, au utakuta jikoni pamefungwa, hii ni Ufaransa ya vijijini, saa nane mchana ukiomba chakula wanakuangalia kama umeuliza nyumba ya Rais. Ukiwa huko Jumamosi asubuhi kuna soko, nunua mkate, jibini za mbuzi zile ndogo ndogo za Mâcon, na matunda, ukakae kwenye benchi. Jibini mbichi ni laini na hazina harufu, zilizokauka ni ngumu na kali, mama mdogo alionja ya kukauka akasema hii imekufa. Anza na mbichi.

Hatua ya sita: simama kwenye mlango usiokuwepo

Sasa nenda upande wa magharibi, utaona mashina ya minara miwili, wanaiita Barabans, na ngazi za kushuka. Hapo ndo palikuwa pa kuingilia kanisani. Chini yako kuna visiki vya nguzo vimetokeza, vikubwa, mtu mzima hawezi kuvikumbatia. Usishuke kwanza. Simama juu, tazama mbele. Mbali kule, juu ya mapaa, kuna mnara wa pembe nane wenye kofia ya kijivu, unaitwa Mnara wa Maji ya Baraka. Ule mnara haukuwa wa katikati. Ulikuwa juu ya ule mkono wa kulia, mmoja kati ya minara kadhaa, na kanisa lilikuwa linaendelea mbele zaidi ya pale.

Kati yako na ule mnara kuna barabara, magari, ukuta, majengo ya farasi. Yote hayo ni ndani ya kanisa. Huwezi kutembea mstari mnyoofu, majengo yamekaa katikati, lakini hesabu hatua kadri unavyoweza ukizunguka, na kila unapopita mlango wa mtu jiambie bado niko ndani.

Mama mdogo aliangalia visiki vya nguzo muda mrefu, kisha akauliza: "Mwanangu, hawa waliokuwa wanabomoa, hawakuogopa?" Nikamwambia walikuwa wanalipwa. Akasema "Hilo sikukuuliza."

Hayo majengo ya farasi ni Haras, kituo cha kuzalisha farasi ambacho Napoleon alikianzisha mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya jeshi, na kilijengwa kwa mawe ya kanisa lenyewe. Yaani jiwe lilikuwa dari la sala, likawa zizi. Ukiwa na watoto watataka kuona farasi tu, wape muda wao.

Hatua ya saba: ndani ya abasia

Ukiingia omba karatasi ya maelezo kwa lugha unayoelewa, Kiswahili hakuna, Kiingereza kipo. Kuna filamu fupi inayoonyesha kanisa lilivyokuwa, iangalie mwanzoni. Majengo makubwa meupe yenye baraza za kuzunguka ua ni ya karne ya 18, wamonaki walikuwa wanajenga upya nyumba yao, hawajamaliza mapinduzi yakawakuta. Leo ndani yake kuna chuo cha uhandisi, kipo hapo tangu 1901, kwahiyo usishangae kupishana na vijana wamevaa makoti marefu ya kijivu yenye michoro na maandishi, sio wamonaki wapya, ni wanafunzi na mila zao.

Kisha unaingia kwenye ule mkono wa kulia. Hapa nakuomba ufanye kitu kimoja, ingia ukiangalia chini, tembea mpaka katikati, ndo uinue shingo. Dari liko mita 30 hivi juu. Ni pembe tu ya kanisa, kama mtu abomoe nyumba yako yote akuachie choo, na hicho choo kiwe kirefu kama jengo la ghorofa kumi ulilozoea. Ukimaliza kuinua shingo geuka uangalie ukuta mpya uliozibwa, kule ndo kanisa lilikuwa linaendelea. Mimi mara ya kwanza sikugeuka. Nilitoka.

Usitoke bila kwenda kwenye ghala la unga, wanaita Farinier, la karne ya 13. Panda ghorofa ya juu, mbao za paa zimeungwa kama jahazi lililopinduliwa, mtu wa pwani ataelewa mara moja. Chini ya paa hilo kuna vichwa nane vya nguzo vilivyozunguka altare, vimepangwa nusu duara kama vilivyokuwa.

Tafuta vile viwili vyenye wanamuziki. Wamonaki wa Cluny kazi yao kubwa ilikuwa kuimba zaburi, saa na saa usiku na mchana, kwahiyo wakachonga sauti nane za nyimbo zao kama watu wanane, kila mmoja na kazi yake. Mmoja ana kinanda cha nyuzi. Sauti ya nne ni kijana amebeba kijiti chenye kengele zinaning'inia, anayumba kidogo, kanzu inapepea. Mama mdogo akacheka: "Huyu mmachinga wa kengele." Na kweli, ukimuona hivo humuoni tena vingine. Maandishi ya Kilatini pembeni yake yanasema sauti ya nne inaiga kilio cha maombolezo. Nilipomtafsiria, hakucheka tena ila alibaki pale, akawa anamzunguka, anatafuta kengele ni ngapi.

Kwa wenye watoto, mchezo huu hapa. Cluny walikuwa na saa nyingi za kunyamaza, wakabuni ishara za mikono, na orodha zake zimeandikwa zikabaki. Mkate: unganisha vidole gumba na vidole vinavyofuata vya mikono yote ufanye duara. Samaki: tikisa kiganja kama mkia kwenye maji. Maziwa: weka kidole cha mwisho mdomoni, kama mtoto ananyonya. Waambie watoto waagize chakula cha mchana kwa ishara tu, utapata nusu saa ya amani, na ukitaka zaidi ongeza asali, unatoa ulimi unajifanya unalamba vidole.

Hatua ya nane: mitaani

Ukitoka bado una miguu, panda Mnara wa Jibini kama uko wazi. Jina limetokana na mama mmoja aliyekuwa anakaushia jibini zake humo. Ngazi 120, nyembamba, mwenye magoti mabovu abaki chini ofisi ya utalii ipo hapo hapo. Juu unaona kila kitu kwa mara moja: mnara ule wa pembe nane, pengo, mapaa ya vigae, na vilima. Hapo ndo picha ya modeli ya asubuhi inaingia kichwani vizuri.

Kisha shuka mtaa wa République na ule wa Avril. Nyumba za karne ya 12 na 13 zipo na watu wanaishi ndani, chini duka, juu mstari wa madirisha madogo yenye vinguzo. Inua macho, chini utaona saluni na duka la simu tu. Watu wa mji hawapendi kupigwa picha mlangoni kwao, nafikiri ni haki yao.

Hatua ya tisa, kwa wenye gari tu

Berzé-la-Ville, kilomita kumi na kitu kuelekea Mâcon. Kuna kikanisa kidogo cha wamonaki, Hugues alikuwa anakipenda, na kina michoro ya ukutani ya mwanzoni mwa karne ya 12, Kristo mkubwa katikati amezungukwa na mitume, bluu na nyekundu na dhahabu ya udongo. Ni chumba kimoja. Lakini ni hapa tu utaelewa kuta za Cluny zingekuwaje kama zingebaki, kwahiyo kama una gari na hujachoka usikose. Mimi ningeacha Mnara wa Jibini kabla sijaacha hiki.

Kuhusu basi la kurudi

Nilisema nitaeleza. Siku niliyokwenda na mama mdogo ilikuwa Jumapili, tukakaa kwa mmachinga wa kengele mpaka wakatwambia wanafunga, tukafika kituoni nikafungua picha ya ratiba kwenye simu, kumbe nilipiga picha ya Jumatatu hadi Ijumaa. Basi la mwisho lilishaondoka. Teksi kutoka Cluny mpaka Mâcon Jumapili jioni kwanza uipate, na ukiipata bei usiulize kwa sauti mbele ya mzazi. Mama mdogo alikaa kwenye benchi, akatoa kile kipande cha jibini kavu alichokataa asubuhi, akakila chote.